Nilivyoupeleka Mdomo Wangu Shule, Kongo ya Kawangware

Shikuku alisema sitaweza, na alisema mbele ya watu. Alikuwa anapiga mlango randa pale Soweto East, Kibera, penseli sikioni, akaniambia bila kuinua kichwa: "Wekesa, wewe upasue watu macho? Wewe ukiitisha soda na mwenye duka asikusikie, unaondoka bila soda." Watu walicheka mpaka mteja wake akaketi juu ya mlango wake mwenyewe. Binamu yangu alisema intavyu ni za watoto, mimi nina mvi. Mwenye nyumba niliyekuwa nimepanga kwake wakati huo alisema mtu wa diploma akae na diploma yake.

Leo ninaandika haya nimestaafu, nimekaa mbele ya duka langu la miwani, Riruta Satellite. Duka la mawe, si la mabati, na jina langu liko juu ya mlango kwa rangi ya mafuta. Kuna watu mtaani humu wanaosoma jina hilo kwa macho niliyoyafungua mimi. Kwa hiyo nikijisifu, vijana, nivumilieni. Sifa zangu zina mashahidi.

Ninawaandikia ninyi mnaojiandaa kwenda kuhojiwa ili mpate nafasi ya kusomea upasuaji. Wengine ni matabibu wa diploma kama mimi, na wengine ni madaktari wenye digrii wanaokuja hapa dukani na kusema, "Mzee, tusikilize kidogo." Ninawasikiliza. Nawaona mnavyokunja karatasi za majibu mpaka zinalowa jasho. Siwacheki. Mimi nililowesha shati zima.

Kwanza mjue nilikotoka. Ada ya chuo niliitafuta kwenye mjengo, nikibeba kokoto na kuchanganya saruji. Nilipopata diploma ya utabibu sikungoja kuajiriwa hapa. Nilivuka mpaka, nikafanya kazi miaka mingi katika hospitali ndogo Sudan Kusini, jua kali, daktari mmoja wa macho na mimi msaidizi wake. Nilirudi Nairobi na sanduku moja na mikono ambayo, nawaambia, haikuwa na mwenzake. Daktari yule alikuwa hapendi maneno thieta, chumba cha upasuaji. Akinyoosha kiganja, nimeshaweka chombo anachotaka. Akigeuza kidole, nimeshasafisha damu. Tulimaliza wagonjwa toka asubuhi mpaka jioni bila kuambiana neno. Niliporudi, nikaajiriwa hospitali moja hapa jijini, thieta ya macho, nikaendelea hivyo hivyo. Watu walinisifu: "Wekesa hasemi, Wekesa anafanya."

Sifa hiyo ndiyo iliyoniangusha.

Siku ya mahojiano yangu ya kwanza, ya kuingia masomo ya upasuaji wa mtoto wa jicho, nilikuwa nimesoma mpaka vitabu vikachoka. Niliingia chumbani. Kulikuwa na watu watatu nyuma ya meza. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akasimama kwa heshima akaninyooshea mkono. Na mimi, mtu niliyeishi thieta, nikafanya kile ambacho mwili wangu umezoea kufanya mtu akinikaribia nikiwa nimeshanawa: nikainua mikono yote miwili mpaka kifuani, viganja vikinitazama, nikarudi nyuma hatua moja.

Mama wa watu akabaki na mkono wake hewani.

"Kuna shida?" akauliza.

"Nimenawa," nikasema.

Hilo ndilo neno pekee nililotamka vizuri siku ile. Waliponiuliza, "Uko katikati ya upasuaji, jicho liko wazi, mgonjwa anaanza kukohoa. Utafanya nini?" jibu nilikuwa nalo. Nalijua kama ninavyojua njia ya kwetu. Lakini lilikuwa limekaa mikononi. Mikono ikaanza kwenda yenyewe, inatoa chombo kisichokuwepo kwenye jicho lisilokuwepo, na mdomo umefungwa. Mwenyekiti akangoja, akavua miwani, akasema kwa upole ambao uliniuma kuliko matusi: "Tumeona mikono yako, bwana Wekesa. Sasa tungependa kukusikia."

Hawakunisikia. Nikafeli.

Aliyeniokoa ni Sista Akinyi, mkuu wa wauguzi katika thieta yetu, mwanamke mrefu ambaye hata madaktari wakubwa walikuwa wanampisha mlangoni. Nilimweleza yaliyonipata nikitarajia pole.

"Pole ya nini?" akasema. "Mikono yako imesoma mpaka ikamaliza. Mdomo wako haujaenda hata nasari. Upeleke shule."

Akanipa dawa ambayo mimi nimewapa wengi wenu, na mnaicheka mpaka mnapoijaribu. Kaa kitini. Shika kikombe cha chai kilichojaa mpaka ukingoni, kimoja kila mkono. Halafu jibu swali kwa sauti. Mkono ukitaka kukusaidia kusema, chai inakumwagikia mapajani. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nimelowa kama mtoto. Baada ya muda mikono ikakubali kutulia, na mdomo, ulipoona hakuna wa kuusaidia, ukaanza kujitegemea.

Ila Sista Akinyi alikuwa na kazi zake, hakuweza kuwa mwalimu wangu kila siku. "Tafuta watu," akaniambia. "Usijisemee kwenye kioo. Kioo hakichoki na hakiulizi." Ninyi sasa mna simu, mnajirekodi. Ni vizuri, jisikilizeni mnavyosema "aaa" na "eee". Lakini simu haipigi miayo. Mtu akipiga miayo mbele yako, umejua jibu lako limekuwa refu.

Wakati huo nyumba zetu za mabati Soweto East zilikuwa zimebomolewa kupisha maghorofa, nikawa nimehamia mtaa wa Kongo, hapa Kawangware, kwenye ploti ya nyumba za kupanga ya bibi mmoja mzee tuliyemwita Shosho Wairimu. Shosho alikuwa mwenyeji wa hapa tangu sehemu hii ikiwa mashamba ya mahindi. Kila siku alikaa kwenye kigoda chake karibu na lango, shali mabegani, uso ameugeuzia jua. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga jicho la kulia kabisa, na la kushoto lilikuwa linafuata. Wapangaji alitutambua kwa sauti na kwa viatu. Mimi nilipomwona mara ya kwanza nilijua hapo hapo tatizo lake linaondoleka. Nikamwambia.

"Mimi siguswi," akasema. "Dada yangu aliguswa. Zamani. Walimfunika uso na kitambaa, hakuna mtu alimwambia kitu. Akaogopa, akageuza kichwa. Jicho likaenda. Mimi nitakaa na haka kamwangaza kadogo nilikobakisha."

Nilimsihi mwezi baada ya mwezi. Mwishowe akachoka nami. "Haya. Ukisoma hiyo kazi wewe mwenyewe, utanifanya wewe. Mwingine, hapana. Sauti yako naijua."

Sasa mnaona nilichokuwa nimebeba. Hospitali ilikuwa imeniambia wazi: ruhusa ya masomo ni yako safari hii, ukifeli tena, anapewa mwingine. Na jicho la kushoto la Shosho halikuwa linaningoja. Kila wiki alikuwa anaupapasa ukuta mapema zaidi kabla ya kufika chooni.

Nikaanzisha darasa langu palepale langoni. Mwanafunzi mimi, watahini watatu.

Wa kwanza ni Shosho mwenyewe, kwa kuwa alikuwepo tu na hakuwa na pa kukimbilia. Wa pili ni Nafula, mama kutoka Bungoma aliyekuwa anapika chapati ukutani mwa ploti, jiko lake hapa, kigoda cha Shosho pale. Wa tatu, amini usiamini, ni Shikuku. Nilimfuata Kibera kwenye mbao zake, nikamwambia, "Wewe ulisema sitaweza. Njoo Jumapili uhakikishe."

"Nitalipwa?"

"Utapewa chapati."

"Kazi yangu ni gani?"

"Kukunja uso tu."

"Hiyo," akasema Shikuku, "nimezaliwa nayo."

Wazo la chapati kuwa saa ni la Nafula. Nilikuwa nasema jibu moja mpaka wateja wawili wanakuja na kuondoka. Nafula akapaza sauti: "Daktari, ukiongea hivyo mgonjwa atapona mwenyewe akikungoja. Sikiliza. Nikiweka chapati unaanza. Nikigeuza ya mwisho umalize. Ikiungua, umefeli, na unainunua."

Nilinunua chapati zilizoungua mpaka watu wa Kongo wakadhani nazipenda. Moto wa mkaa haubembelezi mtu. Ulinifundisha kuanza na jambo linaloweza kumdhuru mgonjwa, kisha ndiyo nieleze mengine. Vijana, shikeni hilo. Mtahini akikuuliza kuhusu hatari, usianze na historia ya jicho. Sema hatari yenyewe, sema utakachofanya sasa hivi, sema utamwita nani. Ukibakiwa na nafasi, pamba.

Shosho ndiye aliyekuwa akitoa hukumu, kwa kuwa alisikia harufu kabla yetu sote. "Nafula, inaungua!" Mimi najua nimefeli.

Jambo lingine. Mahojiano yalikuwa kwa Kiingereza, lakini Shosho hakuwa na Kiingereza, na Nafula hakuwa na subira nacho. Nikalazimika kusema yote kwa Kiswahili kwanza. Huo nao ulikuwa ujanja ambao sikuujua. Katika Kiingereza mtu anaweza kujificha nyuma ya neno refu, na hata yeye mwenyewe asijue hajui. Kwa Nafula huwezi. "Presha ya jicho ni nini? Jicho lina presha kama ya mguu wa mama mkwe?" Inabidi ueleze. Jambo likishanyooka kwa lugha unayogombania nayo maji bombani, Kiingereza chake kinakuja chenyewe.

Kuhusu kusalimia kwa mkono, Shikuku alinipa sharti. Kila mtu nitakayekutana naye kutoka langoni mpaka stejini kwa matatu nimpe mkono, nimtazame machoni, niseme jina langu. Nilifanya hivyo kila asubuhi. Wiki ya pili kijana mmoja wa bodaboda akanishika kiganja akakataa kukiachia.

"Niaje mheshimiwa. Unasimama MCA?"

"La, hapana."

"Si ungesema tu, buda. Sisi kura tuko nazo. Umetuletea nini?"

Mpaka leo kuna watu Kongo wanaoamini nilijitoa katika kinyang'anyiro cha udiwani dakika ya mwisho.

Kila tulipomaliza Nafula alikuwa anafuta mikono kwa leso akisema, "Daktari, haya masikio si zawadi. Nimekukopesha. Utalipa." Shikuku anaitikia, "Na mimi uso wangu." Shosho anasema, "Mimi langu mnalijua."

Sasa nije kwenye Jumapili iliyobadilisha kila kitu. Yalikuwa yamebaki majuma machache. Nimeketi, chai mikononi, chapati imewekwa. Shikuku akauliza lile swali lililonizika: mgonjwa anakohoa katikati ya upasuaji. Nikalijibu kama bingwa. Natoa vyombo jichoni mara moja, naacha kidonda kijifunge, nasubiri, naangalia kama kuna kilichotoka, naita mwenzangu, naendelea ikiwa salama. Chai haikutikisika. Chapati ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Hata Shikuku alisahau kukunja uso.

Shosho akasema, "Umefeli."

"Haijaungua, Shosho!"

"Si chapati. Mimi ndiye ninayekohoa, si ndiyo?"

"Ndiyo, Shosho."

"Nimefunikwa uso. Siwezi kuona. Nimesikia koo inawasha. Umetoa vyuma vyako, umenyamaza. Mimi nitajua aje kama bado uko hapo? Nitajua aje kama naruhusiwa kukohoa? Umewaambia hawa wote utakachofanya. Mimi hujaniambia kitu."

Nafula aliacha kusukuma unga. Mimi nilitazama vikombe vyangu. Dada yake Shosho alikuwa ameketi pale katikati yetu, ingawa alikuwa amekufa zamani.

Tangu siku hiyo nikabadilisha majibu yangu yote. Katika kila jibu niliweka mahali pa mgonjwa. Sikufanya hivyo ili kuwafurahisha watahini, maana mtahini mzoefu anaijua huruma ya kukariri tangu ukiwa mlangoni. Nilifanya hivyo kwa sababu upasuaji wa macho tunaufanya mgonjwa akiwa hajalala. Ganzi iko jichoni tu, masikio yake yako kazini. Miaka yote ile Sudan Kusini nilikuwa nimejivunia ukimya wetu, na wagonjwa walikuwa wamelala chini ya kitambaa wakisikiliza ukimya huo.

Siku ya mahojiano ya pili niliingia chumbani. Mwenyekiti ni yule yule, miwani ile ile ya mnyororo. Akanitazama, akakumbuka. Akaweka mkono wake mezani, hakuninyooshea. Ni mimi niliyenyoosha wangu. Akaushika akatabasamu, akasema kwa Kiswahili, "Leo hujanawa?"

"Leo nimekuja kuongea, madam."

Wakauliza mengi. Swali la kikohozi likaja mwishoni, na nina hakika aliliweka makusudi. Nilihisi mikono ikitaka kuamka. Nikaikumbusha chai. Nikasema: kabla sijaanza upasuaji nimeshamwambia mgonjwa kwamba akitaka kukohoa, aniambie kwanza, asijizuie na asishtuke. Akiniambia, natoa vyombo, naacha kidonda kijifunge, namwambia, "Nimetoa kila kitu, niko hapa, kohoa." Nasubiri aniambie amemaliza. Naangalia jicho. Namwambia nilichoona. Ndipo naendelea.

Mwenyekiti akauliza, "Nani alikufundisha kuanza kabla ya upasuaji?"

"Mgonjwa wangu wa kwanza," nikasema. "Bado sijamfanyia. Ananingoja."

Jina langu lilikuwa katika orodha ya waliochukuliwa. Nilimpigia Sista Akinyi nikamwambia, akasema, "Vizuri. Sasa rudi kazini." Alikuwa hivyo. Shikuku alipopata habari alisema yeye hakuwahi kusema sitaweza. Alisema tu ninahitaji fundi.

Masomo nayapita, kwa maana kila aliyesoma anajua usingizi ulivyokuwa adimu. Nilipomaliza na kuruhusiwa kupasua, jicho la kushoto la Shosho lilikuwa limeziba nalo. Alikuwa anatuita langoni kwa kubahatisha.

Alilala kwenye meza yangu. Sista Akinyi alisimama upande wangu wa kulia, na kwa mara ya kwanza alinisikia nikiongea thieta mwanzo mpaka mwisho. "Shosho, sasa nakufunika. Shosho, sasa utahisi maji baridi. Shosho, mwanga utakuwa mkali." Tulikuwa katikati, jicho la kulia liko wazi, lenzi iliyokomaa kama punje ya hindi ndiyo kwanza inalegea, niliposikia sauti ndogo chini ya kitambaa.

"Daktari. Koo."

Vyombo vikatoka. "Nimetoa kila kitu, Shosho. Niko hapa. Kohoa."

Akakohoa. Kikohozi cha mtu aliyekivumilia muda mrefu.

"Umemaliza?"

"Bado." Akakohoa tena. "Sasa nimemaliza. Bado uko?"

"Niko."

"Endelea basi, mbona umesimama?"

Asubuhi yake nilimfungua bandeji wodini. Akapepesa, akanitazama kutoka juu mpaka chini, kisha akarudia, kama mtu anayetafuta kilichobaki.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Shosho."

"Sauti yako ni ya mtu mrefu," akasema. Wodi nzima ikacheka, na mimi niliyezoea kusifiwa nikacheka kuliko wote.

Siku hiyo ndiyo niliyolipa madeni yangu. Nilimrudisha Shosho Kongo mwenyewe. Shikuku alikuwa anangoja langoni na binti yake, muuguzi, aliyekuwa anaitwa kuhojiwa kwa ajili ya kusomea uuguzi wa thieta. "Nilikukopesha uso," Shikuku akasema. "Sasa mkunjie huyu uso wako." Nikaketi nikakunja uso, msichana akajibu, vikombe viwili mikononi, chai ikimtiririka. Nilipomaliza naye, Nafula akavuta kigoda karibu na jiko lake.

"Na mimi nataka masikio yangu," akasema. "Wewe leo nyamaza."

Nikanyamaza. Akanieleza habari ya dada yake aliyeko kijijini, ya kijana wake aliyeacha shule, ya mambo ambayo kwa muda wote ule alikuwa anayasukuma pamoja na unga huku mimi nikimwaga maneno ya macho. Sikumkatiza. Sikumpa ushauri. Chapati ilikuwa kwenye moto, na yeye alikuwa mbali, anasimulia.

Shosho alikuwa ametoka langoni peke yake bila kushika ukuta, akaja mpaka kwenye kigoda chake. Akaketi, akaweka shali vizuri. Akatazama jikoni.

"Nafula," akasema, "geuza hiyo. Pembeni imeanza kuwa nyeusi."

Moshi ulikuwa bado haujatoka, wala harufu.